Ajali Haina Kinga, Lakini Fidia Ina Sheria

Waswahili husema kwamba ajali haina kinga. Methali hii hutamkwa kwa majonzi kila gari linapobingirika na kuangamiza roho, na mtamkaji huinamisha kichwa kana kwamba la mwisho limekwisha kusemwa. Hebu tulitazame neno lenyewe. Ajali ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo ajal ni muda aliokadiriwa mja, yaani siku ya kufa kwake. Kwa hiyo tunapouita mgongano wa matatu na lori ajali, tumekwisha kutoa hukumu kabla polisi hawajapima barabara: hakuna mwenye kosa, ni majaliwa.

Sheria haifikiri hivyo. Mahakama haiulizi ni lipi lililoandikwa mbinguni, bali huuliza ni nani aliyezembea. Dereva aliyelipita gari jingine penye kona na tajiri aliyeacha breki zichakae hawawezi kujificha nyuma ya majaliwa. Ndiyo sababu twalihitaji neno la pili, fidia, ambalo nalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ya awali ni kile kitolewacho ili kumkomboa mtu. Anayedai fidia haombi sadaka. Anadai akombolewe kutoka katika hasara aliyotiwa na mwingine.

Jambo hili si dogo. Tangu 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walifariki kila mwaka katika barabara za Kenya, na waliojeruhiwa vibaya ni wengi kuwashinda waliokufa. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya humlazimu mwenye gari kukata bima itakayowalipa wengine watakaoumizwa na gari hilo, wakiwemo abiria wa matatu na watembeao kwa miguu. Hukumu ikitolewa, kampuni ya bima hutakiwa kulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kesi ya majeraha haina budi kufunguliwa kabla ya miaka 3 kupita tangu siku ya tukio. Waliofiwa nao wana miaka 3 tangu siku ya kifo.

Haki, basi, imo katika vitabu. Hupotelea wapi? Aghalabu hupotelea penye karatasi moja.

Tuchukue mfano wa mama muuza nyanya aliyevunjika mguu ndani ya matatu. Wiki ya tatu, plasta ikali mguuni, anajiwa na mgeni mwenye mkoba. Ndani mna hundi na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mama anadaiwa na hospitali, na watoto wamefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Anatia sahihi, anashukuru. Karatasi ile, ikifasiriwa, yasema kwamba amepokea kiasi hicho kuwa malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hatadai tena lolote, liwe linajulikana leo au litazuka kesho. Mwezi wa sita daktari anamwambia kwamba mfupa haukuunga sawasawa, na hapana budi apasuliwe upya. Fedha za upasuaji zitatoka wapi? Mahakama huishika hati kama ile kuwa ni mkataba, ila mdai athibitishe kwamba alidanganywa au alilazimishwa, na kuthibitisha hayo ni kazi ngumu.

Katika isimu twafundisha kwamba yapo maneno ambayo hayaelezi jambo bali hulitenda. Asemaye "nakuoza binti yangu" haelezi ndoa, anaifunga. Hati ya kumaliza madai ni ya jinsi hiyo. Sahihi ya mama yule haikueleza kwamba madai yamekwisha, ndiyo iliyoyaua. Je, ni haki tendo zito kama hilo litendwe kwa lugha ambayo mtendaji haielewi?

Na kiasi cha haki hupimwaje? Mahakama hutenga mafungu. Fungu la kwanza ni gharama alizokwisha kutoa mdai: matibabu, dawa, nauli. Haya hulipwa kwa ushahidi, na asiye na risiti hana chake. Fungu la pili ni maumivu na ulemavu, ambalo hakimu hulikadiria kwa kulinganisha majeraha hayo na ya kesi zilizotangulia. Huongezwa mapato yaliyopotea na matibabu yajayo, yakithibitishwa. Kisha hupunguzwa sehemu ya lawama ya mdai mwenyewe: aliyestahili shilingi 600,000, akionekana amechangia asilimia 20 ya uzembe, atapata 480,000. Kwa marehemu, mapato yake ya mwaka huzidishwa kwa miaka ambayo angaliendelea kuchuma, kisha hutwaliwa sehemu iliyokuwa ikiwatunza jamaa zake, mara nyingi theluthi mbili.

Atakayeisoma hesabu hiyo ataona kwa nini mwenye mkoba huja mapema. Kabla ya ripoti ya mwisho ya daktari, hakuna ajuaye ukubwa wa hasara. Majeruhi na aanze na fomu ya P3 na hati ya polisi yenye muhtasari wa tukio na jina la kampuni ya bima, ahifadhi kila risiti, wala asitie sahihi asilosomewa kwa lugha anayoielewa. Ajihadhari pia na wakili anayezunguka wodini akisema atalipwa iwapo tu kesi itashinda. Sheria ya Mawakili haiutambui mkataba wa namna hiyo. Na kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, Bunge lilianzisha Mahakama ya Madai Madogo kwa sheria ya 2016, likataja fidia ya majeraha miongoni mwa kazi zake, na likaamuru kesi ziamuliwe kwa siku 60.

Kampuni za bima nazo zina hoja. Wapo watu wanaoghushi majeraha na abiria ambao hawakupanda gari lolote, na tumeona kampuni zikielemewa na kuwekwa chini ya wasimamizi: United mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011. Lakini ulaghai wa mmoja haukomeshwi kwa kumpunja mwingine. Dawa ya madai ya uongo ni uchunguzi.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Wakati umewadia kampuni za bima zilazimishwe kuandika hati hizi kwa Kiswahili pia, na majeruhi apewe siku kadhaa za kuitafakari kabla ya kutia sahihi. Nasi walimu tusingoje. Twawafundisha wanafunzi kuandika barua za kuomba kazi na hotuba za kukaribisha wageni. Tuwafundishe pia kuisoma hati ya bima aya kwa aya, na kuuliza: sentensi hii yanifanya niache nini? Mwanafunzi atakayelijua hilo atakaa kando ya kitanda cha mamaye siku mwenye mkoba atakapobisha hodi, naye atamwambia asubiri.