Jarida la Kiswahili Lisivae Kanzu ya Kuazima

Mwaka 1888, katika chuo cha Kiungani, nje kidogo ya Mji wa Zanzibar, kilianza kutoka kijarida kilichoitwa Msimulizi. Kilikuwa miongoni mwa majarida ya mwanzo kabisa kuandikwa kwa lugha ya Kiswahili. Chuo na mtambo wa chapa vilikuwa mali ya wamisionari wa UMCA, lakini walioshika kalamu walikuwa wanafunzi na walimu vijana wa chuo hicho, na wengine wao walikuwa watoto waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Wakati huo matbaa ya Kiarabu ya Sayyid Barghash ilikuwa imekwisha kutoa vitabu vya fiqhi kwa miaka kadhaa, na mwaka 1892 likafuata Gazeti la Serikali. Ufundi wa chapa, basi, si mgeni katika visiwa hivi.

Tumeikumbuka habari hii kwa sababu siku hizi vijana wetu wengi wanajifunza usanifu wa michoro katika vyuo na hata katika vyumba vya kukodi vyenye kompyuta 2 au 3. Wanajifunza kuchora nembo, mabango, kadi za harusi na majalada. Hayo ni mema, na yanawapatia riziki. Lakini iko kazi moja iliyo ngumu kuliko zote hizo, ambayo hapana shaka Serikali na wananchi wanaihitaji zaidi, nayo ni kupanga kurasa za jarida: kuchukua makala 10, picha 30, jedwali 1 au 2 na matangazo ya biashara, na kuvifanya kitu kimoja ambacho msomaji atakifungua, atakifuata na kukielewa.

Kwa nini tunasema inahitajika? Mfugaji mmoja wa shamba alituonyesha jarida la idara moja ambayo hatuna haja ya kuitaja. Ndani yake mlikuwamo makala juu ya chanjo ya mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita, maradhi ambayo yakiingia katika banda humaliza kuku wote kwa siku chache. Makala yenyewe ilikuwa sahihi na iliandikwa na mtu anayejua kazi yake. Ilieleza kwamba kila kuku atiwe tone 1 la dawa katika jicho. Lakini maneno yaliyosema kwamba chanjo hiyo irudiwe kila baada ya miezi 3 hayakuenea katika ukurasa. Yakasukumwa ukurasa wa pili, chini kabisa, mbele yake pakiwa na picha kubwa ya wageni wakikata utepe. Mfugaji wetu alisoma ukurasa wa kwanza, akatia dawa mara moja, akatulia. Kuku wake walikufa mwaka ule ule. Alipotuletea jarida alidhani kwamba dawa ilikuwa mbovu.

Hatusemi kwamba mpangaji wa kurasa ndiye aliyeua kuku. Tunasema kwamba alikuwa na uwezo wa kuwaokoa, naye hakujua kwamba anao. Kwake yeye makala ile ilikuwa doa la kijivu la kujaza nafasi, na picha ya utepe ilikuwa amri kutoka juu. Wala hakufundishwa vingine.

Tumepata nafasi ya kutazama kazi za wanafunzi, na tulichokiona kimetufurahisha na kututia wasiwasi kwa pamoja. Kurasa zao ni safi, rangi zimechaguliwa kwa macho makini, na vichwa vya habari vina nguvu. Lakini maandishi yaliyojazwa humo si Kiswahili wala si Kiingereza. Ni yale maneno ya Kilatini yaliyokatwakatwa kutoka katika kitabu cha Cicero cha mwaka 45 kabla ya Kristo, ambayo wasanifu wa nchi za Magharibi huyatumia kushikilia nafasi mpaka makala yenyewe ifike. Kiolezo kimetengenezwa kwa Kiingereza, kikajaribiwa kwa Kilatini, kisha mwanafunzi wa Unguja au Pemba akakitia Kiswahili siku ya mwisho. Hapo ndipo ukurasa wote huvurugika, na kijana hajui kwa nini.

Sababu yake ni hii. Kiswahili hukusanya katika neno moja mambo ambayo Kiingereza huyasema kwa maneno matatu au manne mafupi. Chukua neno "watakapowasilisha": lina herufi 17. Ukurasa wa kawaida wa A4 una upana wa milimita 210. Ukiacha pambizo la milimita 15 kila upande, ukaugawa katika safu 3, kila safu hubakiwa na milimita 56 hivi, na kwa herufi za ukubwa wa kawaida wa majarida mstari mmoja hauchukui zaidi ya herufi 36 au 38. Neno hilo moja limekula karibu nusu ya mstari! Likifuatwa na jingine la ukubwa huo, halienei. Kompyuta, ambayo imeamrishwa kunyoosha kingo zote mbili, hulivuta neno lililobaki na kuacha mianya kama meno ya kizee, au hulikata neno kwa kanuni za Kiingereza na kuandika "watakapowas-" juu na "ilisha" chini. Msomaji husimama, hurudi nyuma, na mara ya tatu huliweka jarida chini.

Na hali kukata neno la Kiswahili ni rahisi kuliko katika lugha nyingi. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na hapo ndipo pa kukata: watakapowasi-lisha. Sauti zinazokwenda pamoja, kama mb, nd, nj, ng, sh, ch na kw, zisitenganishwe. Tukate "nyu-mba" na si "nyum-ba". Herufi m ya mwanzo wa neno kama "mtu" isiachwe peke yake mwisho wa mstari kama yatima. Yako maneno machache tuliyoyapokea, kama "maktaba" na "daftari", yenye desturi yao. Kanuni hizi haziwezi kujaza hata ukurasa mmoja, na mwanafunzi anaweza kuzijua zote kwa asubuhi moja. Tungependa kuziona zimebandikwa ukutani katika kila chumba cha kompyuta, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar ndilo linalofaa kuzitia muhuri.

Ipo pia ile alama ndogo juu ya ng', ambayo wachapaji wetu wameizoea mno kuiacha. "Ng'oa" ni kutoa kitu na mizizi yake, na "ngoa" ni wivu au tamaa. Bwana Shamba anayewahimiza wakulima kung'oa magugu asije akaonekana anawahimiza jambo jingine.

Matatizo haya si mapya. Katika zama za herufi za risasi, kasha la herufi lililopimwa kwa ajili ya Kiingereza lilijaa herufi e, kwa kuwa ndiyo inayotumika zaidi katika lugha hiyo. Kiswahili hula herufi a kuliko nyingine yoyote, na k na w nazo hutakiwa kwa wingi. Mpanga herufi wa Kiswahili alikuwa akiona kwa macho yake kisanduku cha a kinakauka na cha e kimejaa, akajua kwamba kifaa chake hakikutengenezwa kwa lugha yake. Mwanafunzi wa leo haoni kisanduku chochote. Kompyuta humpa kila herufi bila ya hesabu, na kwa hiyo hudhani kwamba imemtengenezea na ukurasa pia.

Nini basi kifanywe? Kwa maoni yetu, jarida la Kiswahili lipangwe kwa safu 2, si 3, ili mstari upate herufi 55 hivi, na ukingo wa kulia uachwe kila mstari uishie pale neno linapoishia. Tunajua wapo wakubwa ambao wataona huo ni uchafu na kuagiza ukingo unyooshwe. Tunawaomba wasome kurasa mbili kwa sauti, moja ya namna hii na moja ya namna ile, kisha waamue.

Na kusoma kwa sauti tumekutaja kwa makusudi. Jarida linalofika Micheweni au Makunduchi halisomwi na mtu mmoja aliyekaa peke yake katika kiti. Husomwa barazani baada ya sala ya alasiri, mmoja akisoma na watano wakisikiliza, mwingine akinyoosha shingo kutazama picha. Maelezo ya picha yaliyoandikwa kwa herufi za sisimizi hayamfai mtu huyo. Karatasi ya kung'aa, ambayo maofisa wetu huipenda kwa sababu inafanana na majarida ya ndege, humrudishia jua machoni. Karatasi isiyong'aa ni ya heshima vile vile, na kwa kawaida bei yake ni ndogo.

Kwa kuwa karatasi yetu huletwa na meli, hesabu ya uzito nayo haifai kupuuzwa. Vipimo vya A vilianzia Ujerumani mwaka 1922, na uzuri wake ni kwamba karatasi ukiikunja katikati hubaki na umbo lile lile. A0 ni mita 1 ya mraba. A3 ni sehemu ya 8 yake. Jarida la kurasa 24 hutengenezwa kwa karatasi 6 za A3 zilizokunjwa na kupigwa pini katikati. Kwa karatasi ya gramu 80, kila A3 ni gramu 10, jarida zima ni gramu 60, na nakala 1,000 ni kilo 60. Ukichagua karatasi nzito ya gramu 115, mzigo unapanda hadi kilo 86. Mwanafunzi asiyejua hesabu hii atamtia hasara mwajiri wake kabla hajachora mstari hata mmoja.

Aidha, lazima ajue kwamba jarida la kupigwa pini huenda kwa kurasa 4, 4. Hakuna jarida la kurasa 18 au 22, ila lenye kurasa tupu. Akunje karatasi kwa mikono yake, aandike namba za kurasa, kisha aifungue: katika jarida la kurasa 16, ukurasa wa 1 umekaa pamoja na wa 16, wa 2 na wa 15, na kila jozi ukiijumlisha hupata 17. Kijana aliyeifanya kazi hii mara moja hatasahau. Tulishangaa kuwakuta wanaokaribia kuhitimu ambao hawajawahi kuifanya, na ambao hawajawahi kuingia katika kiwanda cha chapa wakanusa wino.

Mwalimu mmoja mashuhuri wa fani hii alikuwa Alexey Brodovitch, Mrusi aliyehamia Marekani mwaka 1930 na kuwa msanifu wa jarida la Harper's Bazaar kutoka 1934 hadi 1958. Alikuwa akizitandaza kurasa zote sakafuni ili azione kwa pamoja, kama mtu anayeanika karafuu, aone wapi pamejaa na wapi pamepwaya. Aliiacha nafasi nyeupe ifanye kazi, jambo ambalo wahariri wetu huliogopa kana kwamba kila inchi iliyobaki tupu imeibiwa. Lakini hata yeye, alipotengeneza jarida la Portfolio alivyotaka mwenyewe, halikuvuka matoleo 3, mwaka 1950 na 1951, kwa kuwa gharama zilikuwa kubwa mno. Wanafunzi wapewe sehemu zote mbili za habari hiyo. Na mkeka wa kutandazia kurasa tunao.

Sasa tunaielekea Serikali. Kila mwaka Wizara na mashirika yetu hutoa majarida na vijarida kwa fedha za umma. Vingi kati ya hivyo hupangwa kwa haraka na mtu yeyote aliyepatikana, na vingi hubaki katika makabati ya ofisi zilizovitoa. Tunashauri kwamba kila Wizara yenye jarida itoe toleo moja katika mwaka mikononi mwa wanafunzi, chini ya mhariri wake na fundi wa matbaa. Lisiwe zoezi la darasani, bali toleo la kweli lenye tarehe ya kutoka, lenye makala zilizoandikwa kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, na lenye bajeti isiyozidi ile ya kawaida. Wanafunzi wasome makala kabla ya kuzipanga. Wawe na haki ya kumwambia mwandishi apunguze maneno 200, na haki ya kumwambia ofisa kwamba picha ya utepe itakuwa ndogo. Haki hii ya pili itakuwa ngumu kuliko ile ya kwanza. Tumeishi na maofisa muda wa kutosha kulijua hilo.

Toleo hilo likishatoka, wanafunzi walichukue wenyewe hadi shamba, wakae barazani, wanyamaze, na wamsikilize anayelisoma. Pale anapokwama, waweke alama.

Mwisho, nakala 2 za kila toleo zipelekwe katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, pamoja na zile za matoleo ya zamani ambazo bado zimo katika makabati ya idara, kabla mchwa na unyevu havijazimaliza. Kazi hiyo haihitaji fedha mpya. Inahitaji karani, sanduku, na barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa Katibu Mkuu.