Neno 'nyumbani' na umuhimu wa taaluma mseto katika utafiti wa utamaduni

MAJUZI nikiwa Muhoroni nilikutana na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anasomea shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja nchini. Tuliketi kwenye kibanda cha chai, akanionyesha pendekezo lake la utafiti. Lilikuwa limejaa wino mwekundu.

"Mwalimu, hii kitu wamenirudishia mara mbili," akasema. "Idara ya Kiswahili inasema hii ni anthropolojia. Nikienda huko, wananiambia hii ni lugha. Sasa niende wapi?"

Swali lake la utafiti ni hili: wakazi wa Muhoroni humaanisha nini wanaposema 'nyumbani'? Baada ya uhuru, mashamba ya walowezi katika eneo hili yaligawanywa, zikaanzishwa skimu za makazi za wakulima wa miwa. Watu walitoka sehemu mbalimbali wakapata vipande vya ardhi, wakajenga, wakazaa. Babu yake ni mmoja wao. Mzee huyo ameshasema atazikwa hapo hapo Muhoroni, lakini wanawe wamegawanyika.

"Baba zangu wadogo wanasema lazima arudishwe Gem. Babu anauliza, kwani hapa ni kwa nani?"

Nilimwambia kuwa swali lake si la idara moja, na hilo si kosa. Huo ndio utafiti wa taaluma mseto.

Neno 'mseto' tunalijua. Ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja. Mwaka 2008 tukapata na serikali ya mseto. Watu wa Muhoroni watanielewa upesi zaidi nikitaja nyoyo: mahindi na maharagwe huiva katika chungu kimoja, lakini ukila unaona hili ni hindi na lile ni haragwe. Katika taaluma mseto, kila taaluma hubaki na mbinu zake, ila zote hujibu swali moja. Kuweka sura moja ya historia, moja ya isimu na moja ya sheria bila kuzihusisha si mseto. Hivyo ni vyungu vitatu kwenye meko matatu.

Hebu tulipime neno lenyewe. Mwanaisimu atasema 'nyumbani' ni 'nyumba' ikiongezwa kiambishi tamati cha mahali '-ni'. Ni kweli, lakini mbona mtu mwenye nyumba yake Nairobi husema Desemba 'anaenda nyumbani'? Katika Dholuo, 'ot' ni nyumba na 'dala' ni boma. Dala huanzishwa kwa desturi: mwenye boma huenda na mwanawe wa kwanza wa kiume, wakabeba jogoo, shoka na moto. Kiswahili chetu cha Kenya kimelibebesha neno moja mizigo yote miwili, na vijana wakaongeza 'ocha' na 'ushago' ili kuitenganisha.

Tofauti hiyo iliwahi kufika mahakamani. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Miongoni mwa mashahidi alikuwa Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliamua kwa upande wa ukoo, na Otieno akazikwa Nyalgunga. Baadaye David William Cohen na E.S. Atieno Odhiambo waliichunguza kesi hiyo katika kitabu Burying SM (1992), wakitumia historia, anthropolojia na rekodi za mahakama kwa pamoja.

Njia hii si ngeni kwetu. Profesa Bethwell Ogot alitegemea masimulizi ya wazee katika historia yake ya Waluo wa kusini, iliyochapishwa 1967. Mwaka 1968, Henry Owuor Anyumba, aliyekuwa ameshatafiti nyimbo za nyatiti, aliungana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Taban lo Liyong kutaka Idara ya Kiingereza, Nairobi, ivunjwe na fasihi simulizi ipewe nafasi yake.

Hata hivyo, wahakiki wa pendekezo lile hawakukosea kila kitu. Binti alikuwa ameorodhesha taaluma tano bila kueleza kazi ya kila moja. Huo ni mchafukoge. Nilimshauri achague taaluma moja iwe mhimili, yaani isimujamii, kisha aeleze historia ya skimu itamsaidia kujibu nini, na sheria ya ardhi itamsaidia nini. Aombe wasimamizi wawili kutoka idara mbili. Mahojiano ayanukuu katika lugha aliyotumia msemaji, ndipo atoe tafsiri. Akilitafsiri 'dala' kuwa 'nyumba' tangu mwanzo, atakuwa amelitupa jibu kabla ya kulipata.

"Na nianze na nani?" akauliza.

"Anza na babu yako," nikamjibu. "Na usimhoji peke yake. Wahoji na hao baba zako wadogo."

Idara zinaweza kurudishiana karatasi hata mwaka mzima. Mzee aliyeipata ardhi ile akiwa kijana hana muda huo. Ni heri aulizwe maana ya 'nyumbani' akiwa hai kuliko mahakama iulizwe atakapokuwa mochari.