Johannes Fabian na Mawazo ya Watu wa Katanga

Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi ya Johannes Fabian, mwanaanthropolojia ambaye jina lake hutajwa mara nyingi katika idara zetu, lakini ambaye vitabu vyake husomwa na wachache kwa kuwa vingi viliandikwa kwa Kiingereza. Swali lililomshughulisha ni gumu: mtu wa nje anawezaje kujua yale ambayo watu wa mahali fulani wanayawaza? Jibu alilolitoa lilitokana kwa sehemu kubwa na Kiswahili kisemwacho Lubumbashi na Kolwezi, na ndiyo sababu linatuhusu.

Fabian alizaliwa mwaka 1937 huko Glogau, mji uliokuwa wakati ule wa Ujerumani na ambao leo umo katika Poland. Alisomea anthropolojia Chicago, na mwaka 1966 akafika Katanga kuichunguza Jamaa, kundi la Wakatoliki lililotokana na mafundisho ya Padri Placide Tempels huko Kolwezi. Tempels alikuwa amekwisha kujulikana kwa kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya falsafa ya Kibantu. Humo alishikilia kwamba Wabantu wanayo falsafa, ila kuipanga na kuieleza waziwazi ni kazi ya Wazungu. Fabian alikuta mambo mengine. Wanajamaa, wengi wao wafanyakazi wa migodi pamoja na wake zao, walikuwa wakijieleza wenyewe kwa saa nyingi, kwa Kiswahili, juu ya uzima, uzazi na mapendo. Walichopeana katika mafundisho yao walikiita mawazo. Neno hilo, ambalo sisi hulitumia kila siku bila kulifikiri, lilikuwa na uzito wa pekee kwao: wazo lilipokewa kwa mtu na kupelekwa kwa mtu.

Mbele ya watu wa namna hiyo, orodha ya maswali iliyotayarishwa mbali haikufaa kitu. Katika maandishi yake ya mwaka 1971 Fabian alitetea msimamo ambao hakuuacha tena: mtafiti hachimbi mawazo ya watu kana kwamba ni shaba iliyolala tayari ardhini. Huzungumza nao, na ujuzi huzaliwa katika mazungumzo yenyewe.

Kutoka hapo ndipo kilipotokea kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1983 juu ya wakati na watu wengine. Hoja yake ni rahisi kuieleza, ingawa kitabu si rahisi kukisoma. Mtafiti akiwa kijijini au mtaani huketi na watu, hula nao, huwauliza na kuulizwa. Yeye na wao wamo katika wakati mmoja. Akirudi kwao na kuandika, huwaweka katika zama za kale, kana kwamba wale aliozungumza nao mwaka jana ni mababu wa binadamu. Fabian aliona kwamba kosa hilo si la adabu tu. Ni kosa la elimu, maana linaficha jinsi ujuzi wenyewe ulivyopatikana.

Mfano bora ni kazi yake na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Fabian alifundisha Lubumbashi kati ya mwaka 1972 na 1974, na katika miaka hiyo Tshibumba alimchorea historia ya nchi katika picha 101, akieleza kila picha kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Tshibumba alijihesabu kuwa mwanahistoria. Kitabu kilichokusanya picha na maneno hayo kilitoka mwaka 1996. Mchoraji alikuwa ametoweka tangu mwanzo wa miaka ya 1980, wala hakukiona. Hapa tunaruhusiwa kuuliza: mazungumzo ni ya wawili, lakini ni nani anayebaki na picha, kanda na jina kwenye jalada? Picha zile zimehifadhiwa Amsterdam.

Mwanaisimu atanufaika zaidi na historia ya Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani, ambayo Fabian aliitoa tena mwaka 1990. Maneno yake yamekatwa na kuunganishwa bila utaratibu, vituo ni haba, na msomaji wa kimya hupotea upesi. Fabian hakuanza kwa kusahihisha. Kalundi Mango aliyasoma maandishi hayo kwa sauti, na yaliposikika yakaeleweka: yaliandikwa na mtu asemaye.

Mwaka 2000 Fabian aligeuza swali lake. Badala ya kuuliza Waafrika wanawazaje, alisoma upya taarifa za wavumbuzi wa Ulaya, kama vile Wissmann na Pogge huko Kasai, akaonyesha jinsi walivyosafiri wakiwa na homa, pombe, dawa za kulevya na hofu. Hao waliodai kuleta akili mara nyingi hawakuwa na akili zao timamu. Na pengine, asema, walijifunza jambo la maana pale tu walipojisahau.

Mwandishi wa mistari hii aliwahi kusahihisha insha ya mwanafunzi aliyeyanakili masimulizi ya bibi yake kama yalivyotamkwa. Palipoandikwa “bantu” nikaweka “watu”, jambo lisilo na hasara kubwa. Lakini palipoandikwa “tulikuwaka” nikaweka “tulikuwa”, na hiyo -ka ya mwisho, ambayo kwetu huonyesha mazoea au wakati wa mbali, ikafutika, na pamoja nayo namna bibi yule alivyoyapanga maisha yake. Insha ilipewa alama ndogo. Sauti ya bibi haikuwa imerekodiwa, na nakala iliyobaki ni ile yenye wino wangu mwekundu.