Mbio za Alfajiri katika Bustani za Florida

Kila mwaka katika mwezi wa Januari, yapata saa kumi na moja alfajiri, giza likiwa halijaondoka, maelfu ya wanaume na wanawake husimama makundi kwa makundi katika milki ya Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida, Marekani, wakingojea ishara ya kuanza mbio za kilomita 42 na mita 195. Mbio hizo zilianza mwaka 1994, mahali ambapo tangu mwaka 1971 palikuwa pamejengwa kwa ajili ya furaha: makasri ya hadithi, vigari vinavyopanda na kuporomoka juu ya reli, magwaride na fataki, na njia yake, ingawa hubadilishwa mara kwa mara, hujulikana kwa kuwapitisha wakimbiaji katika bustani zote nne za mahali hapo, yaani Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Katika hii ya mwisho msomaji wa Kiswahili angekutana na ajabu ya peke yake, kwa maana kijiji kiitwacho Harambe, kilichojengwa humo kwa mfano wa mji wa Lamu, kina kuta zilizopakwa zikaonekana zimeliwa na upepo wa bahari, mapaa ya mtindo wa makuti, na vibao vya lugha yetu, vikisomwa na watu waliovuka bahari nzima kuja kutafuta mapumziko.

Yapo mashindano mengi yaliyo magumu kuliko haya. Nchi ile ni tambarare, na vilima vyake ni madaraja na njia za kupandia barabara kuu tu. Lakini ni machache yanayodhihirisha waziwazi kama haya kanuni iliyo msingi wa maandalizi yote ya mbio ndefu: kwamba mwili huingia barabarani na akiba yenye kikomo, na kwamba kazi kubwa ya mkimbiaji ni kuikuza akiba hiyo kwa miezi, kisha kuilinda kwa siku chache za mwisho, ambazo hapa huzipitisha mahali ambapo kila kitu kimebuniwa ili kimshawishi aitumie.

Akiba ya kwanza ni glaikojeni, nayo ni wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli na ini. Mtu wa wastani huwa nayo gramu 400 hadi 500 hivi, ambazo zikiunguzwa zote hutoa nguvu ya kilokalori 2,000 kwa makadirio. Na kwa kuwa kukimbia kilomita moja humgharimu mtu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake, mwenye kilo 70 atahitaji karibu 3,000 ili amalize marathoni. Pengo lililobaki huzibwa na mafuta ya mwili, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kutosha mbio nyingi mfululizo. Glaikojeni ni vijiti vikavu, mafuta ni gogo: gogo lina moto wa usiku kucha, ila halikubali kuharakishwa, na kwa kila kiasi cha oksijeni kinachovutwa mafuta hutoa nguvu pungufu kuliko wanga. Ndiyo maana mkimbiaji aliyeanza kwa pupa hujikuta, yapata kilomita ya 30 au ya 32, miguu imekuwa mizito na fikra zimefifia. Hakuishiwa na nguvu zote, ila ameishiwa na zile zinazopatikana upesi, na ubongo wake, unaotegemea sukari ya damu, nao umeanza kudai haki yake.

Jinsi akiba hii inavyoongezwa ilidhihirishwa kwa jaribio ambalo kwa usahili wake nalihesabu miongoni mwa majaribio mazuri kabisa ya elimu ya mwili. Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijifanya wenyewe kuwa wa kujaribiwa. Walikaa pande mbili za baiskeli moja isiyosogea, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu na kuuacha wa pili ukipumzika, hata mguu uliofanya kazi ukaishiwa kabisa. Kisha kwa siku tatu walikula vyakula vya wanga kwa wingi, na kwa sindano maalumu wakawa wakinyofoa vipande vidogo vya msuli katika mapaja yao yote mawili ili wavipime. Mguu uliopumzika haukubadilika sana; mguu uliochoshwa, uliolishwa kwa damu ile ile na chakula kile kile, ulikuwa umejaza glaikojeni kiasi cha maradufu. Kazi ndiyo iliyoufungua msuli upokee, na chakula ndicho kilichoujaza. Kutoka hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya wakimbiaji kula wali, tambi, viazi na mkate kwa wingi siku mbili za mwisho, gramu 10 hadi 12 za wanga kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na wasishtuke wanapoona uzito umepanda kidogo, kwa sababu kila gramu ya glaikojeni hushikana na takriban gramu tatu za maji.

Lakini chakula cha siku mbili hakiwezi kufanya kazi ya miezi. Mwaka 1967 mtaalamu wa Marekani, John Holloszy, alionyesha kwamba panya waliozoezwa kukimbia kwa majuma kadhaa walikaribia kupata maradufu ya uwezo wa mitokondria za misuli yao, yaani vile viungo vidogo sana vya ndani ya seli ambamo chakula na oksijeni hukutana na kutoa nguvu. Mabadiliko ya namna hiyo hutokea kwa binadamu pia; pamoja nayo mishipa myembamba ya damu huongezeka kandokando ya nyuzi za misuli, na moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Matokeo yake ni kwamba kwa mwendo ule ule uliokuwa ukimmaliza hapo awali, mwanariadha sasa hutumia mafuta zaidi na kuiacha glaikojeni ikae. Hii ndiyo hekima ya zile mbio ndefu za polepole za mwisho wa juma, zinazorefushwa kidogo kidogo kwa miezi minne au mitano, ambazo mtu asiyejua huzidhania kuwa uvivu kwa sababu mkimbiaji huonekana akizungumza na wenziwe njia nzima. Kano na mifupa, ambayo hujijenga taratibu kuliko moyo na misuli, haina budi kungojewa. Wengi wanaovunjika ufa mwembamba katika mifupa ya miguu huwa ni watu ambao pumzi yao ilitangulia mbele ya mifupa yao.

Katika mbio hizi za Florida ipo njia moja iliyopata wafuasi wengi mno, nayo ni ya Jeff Galloway, aliyeiwakilisha Marekani katika mita 10,000 kwenye Olimpiki ya mwaka 1972, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa mshauri wa mazoezi wa mashindano haya. Yeye alifundisha kwamba anayeanza asingoje kuchoka ndipo atembee, bali akimbie dakika chache na kutembea nusu dakika au dakika nzima, tangu hatua za kwanza hadi za mwisho. Wapo waliodharau wakisema kwamba huko si kukimbia. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa Ujerumani kwa wakimbiaji wa kawaida wa marathoni ya Kassel, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta kwamba waliochanganya kutembea walimaliza kwa muda usiotofautiana sana na wa wale waliokimbia mfululizo, na walilalamika maumivu na uchovu wa misuli kwa uchache zaidi. Lakini, kwa insafu, dalili za mzigo wa moyo zilizopimwa katika damu zilikuwa sawa kwa wote. Kutembea hubadili namna misuli inavyotumika na kuupunguzia mguu kishindo cha kutua, na katika nchi tambarare, ambapo hakuna mlima wala mteremko wa kuipokezanya misuli zamu, nafuu hiyo ina thamani zaidi.

Tuje sasa kwenye bustani zenyewe. Mgeni aliyelipa nauli na tiketi, na aghalabu amefuatana na watoto, huona vigumu kukaa chumbani siku ya kuamkia mashindano, ilhali dirishani anaona watu wakielekea kwenye starehe. Basi hutoka, na bila ya kukusudia hutembea kilomita 15 na zaidi juu ya lami na saruji, akasimama foleni saa nzima hapa na saa nzima pale. Husemwa kwamba matembezi hayo humaliza glaikojeni. Nadhani hilo limetiwa chumvi, kwa sababu mwendo wa kutembea taratibu huendeshwa zaidi na mafuta. Madhara yake yako kwingine: nyayo huvimba na kufanya malengelenge, misuli ya nyuma ya muundi hukaza kwa kusimama, na kano zilizokuwa zimeachiwa zipone hurejeshwa kazini. Majuma mawili au matatu ya mwisho yamewekwa kwa ajili ya kupunguza mazoezi, na utafiti mwingi uliokusanywa pamoja umeonyesha kwamba anayepunguza wingi wa mazoezi yake kwa kadiri ya nusu, huku akihifadhi kasi yake, hukimbia vyema zaidi kuliko asiyepunguza.

Usingizi nao ni mtihani. Kwa kuwa barabara za mahali pale hufungwa na umati ni mkubwa, mabasi huwachukua wakimbiaji mahotelini tangu saa nane na saa tisa za usiku, wakati ambapo joto la mwili linakaribia kiwango chake cha chini kabisa na melatonini, homoni ya usiku, ingali tele katika damu. Kulala mapema kwa kujilazimisha usiku mmoja hakufai, kwa sababu saa chache kabla ya wakati wake wa kawaida wa kulala mwili huwa macho kuliko wakati mwingi wa mchana. Njia iliyo bora ni kusogeza usingizi na mwamko kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na kutafuta mwanga mkali mara tu baada ya kuamka. Anayetoka California, ambako saa ziko nyuma kwa tatu, huamshwa katikati ya usiku wake. Lakini mtu aliyefika karibuni kutoka Dar es Salaam au Nairobi angeiona alfajiri ile ya Florida kuwa ni saa saba ya mchana kwa mujibu wa mwili wake, na yamkini ndiye ambaye angesimama pale akiwa macho kuliko wote.

Kisha hali ya hewa. Januari ni mwezi wa baridi huko, na iko miaka ambayo wakimbiaji walianza katika hali ya kukaribia kuganda. Iko pia ambayo jua lilipochomoza lilikuta joto na unyevu ambao sisi wa pwani tungeutambua mara moja. Zaidi ya robo tatu ya nguvu inayotumika katika misuli hugeuka kuwa joto, na njia kuu ya kulitoa ni jasho kukauka juu ya ngozi, ambapo kila lita moja inayokauka huondoa kiasi cha kilokalori 580. Jasho linalodondoka chini halipoozi kitu, na hewa iliyojaa unyevu hulizuia lisikauke. Fikiri basi habari ya yule aliyekimbia mazoezi yake yote katika theluji, akaja hapa amevaa, kama wengi wapendavyo, vazi zito la mhusika wa hadithi! Mwili huzoea joto kwa siku 10 hadi 14, maji ya damu yakiongezeka na jasho likianza mapema. Wasio na siku hizo hawana budi kupunguza mwendo.

Na katika kunywa iko hatari ambayo wengi hawaitambui. Wanasayansi waliopima damu ya wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002 waliwakuta asilimia 13 wakiwa wamepungukiwa na chumvi ya sodiamu katika damu, na watatu miongoni mwao wakiwa katika hali ya kuhatarisha maisha. Nao waliopatwa hawakuwa waliokosa maji, bali zaidi ni wale waliokunywa kupita kiasi hata wakaongezeka uzito njiani, hasa waliokaa barabarani zaidi ya saa nne. Mbio za bustanini zina watu wengi wa namna hiyo, kwa kuwa kanuni huruhusu mwendo wa dakika 16 kwa maili, yaani takriban saa saba jumla, na wengi husimama kupiga picha na wahusika waliopangwa kando ya njia. Kwao shauri lililo salama ni kunywa kwa kufuata kiu, na kutia tumboni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa.

Wapo wasiotosheka na hayo, ambao tangu mwaka 2014 hukimbia mbio nne katika siku nne mfululizo, za kilomita 5, 10, 21 na 42, jumla kilomita 78 na ushei. Hata mipango yao huweza kukatizwa: mwaka 2017 mbio za nusu marathoni zilifutwa kwa ajili ya radi.

Mbio zikiisha, glaikojeni iliyotumika hurudi kwa siku moja au mbili za kula vyema, lakini nyuzi za misuli zilizochanika kwa maelfu ya vishindo vya kutua huchukua muda mrefu zaidi, maumivu yakifikia kilele siku ya pili na nguvu kamili ikikawia majuma kadhaa. Matembezi mepesi, yenye vituo vingi vya kukaa, huisaidia damu kupita katika misuli hiyo bila ya kuitwisha mzigo mpya, na kwa hiyo anayepanga safari yake ya Florida angefanya vyema kuziweka siku za bustani, pamoja na foleni zake, vigari vyake na mitaa yake ya Harambe, baada ya Jumapili ya mbio.