KOMPYUTA YA GEMU IKICHEMKA NA KUWA NZITO
Ushauri kwa kamati za parokia, wazazi na wafadhili



Miongoni mwa maombi ambayo kamati za parokia huandika mara kwa mara ni ombi la kompyuta mpya kwa ajili ya kituo cha vijana. Sababu inayotolewa huwa ni ileile: zilizopo zimechoka, zimekuwa nzito, zinapata moto na kujizima zenyewe. Lawama hizo huziangukia hasa kompyuta za gemu, yaani zile zenye kadi kubwa ya picha. Baadhi yake hutolewa na familia za Ulaya na Marekani baada ya vijana wao kununua nyingine. Nyingine wazazi wa hapa kwetu wamewanunulia watoto wao nyumbani.

Kompyuta hizi ni zawadi nzuri. Nguvu ileile inayoendesha gemu ndiyo inayohitajika kuhariri video ya kwaya, kuchora ramani ya jengo au kubuni mabango. Kwa hiyo ni hasara kubwa kuitangaza imekufa mashine ambayo pengine imezibwa na vumbi tu. Makala hii inaeleza kwa nini kompyuta ya gemu huchemka, na jinsi kamati inavyoweza kujua kwa gharama ndogo kama inahitaji usafi, kipuri, au kweli mashine nyingine.

KWA NINI INACHEMKA?

Karibu umeme wote unaoingia ndani ya kompyuta hugeuka kuwa joto. Kompyuta ya ofisi inayoandika barua hutumia umeme kidogo, mara nyingi chini ya wati 100. Ya gemu, mchezo ukiwa umepamba moto, inaweza kufika wati 400 au zaidi: prosesa peke yake wati 65 hadi 125, na kadi ya picha wati 150 hadi 300. Mashine kumi za namna hiyo katika chumba kimoja ni sawa na kuwasha pasi nne za umeme za wati 1,000 na kuziacha hapo. Hata LUKU inalijua jambo hili: mashine moja ya wati 400 ikichezewa kwa saa 5 imekula uniti 2.

Joto hilo lina njia yake ya kutokea. Linatoka kwenye prosesa, linapita kwenye dawa ya kijivu inayofanana na dawa ya meno, linaingia kwenye chuma chenye mapezi, linapulizwa na feni, linatoka nje ya kasha, kisha linatoka nje ya chumba. (Kasha hilo wengi tunaliita sipiyu, ingawa sipiyu halisi ni hiyo prosesa, kipande kidogo kilichomo ndani.) Njia ikiziba mahali popote, joto linarudi lilikotoka.

Prosesa ina kipimajoto chake ndani. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi, na nyingi za AMD aina ya Ryzen karibu nyuzi 95. Ikifika hapo haisubiri iungue, bali inapunguza kasi yake yenyewe. Joto likizidi kupanda, inazima mashine nzima. Kadi ya picha nayo hufanya vivyo hivyo. Hivyo ule uzito tunaoulalamikia mara nyingi ni kinga. Mashine inajiokoa.

Tukumbuke pia hali ya hewa yetu. Chukua kompyuta iliyokuwa ikitumika Ujerumani katika chumba cha nyuzi 20, na wakati wa gemu prosesa ilikuwa inafika nyuzi 80. Ilete Dar es Salaam katika chumba cha nyuzi 32. Joto la ndani hupanda karibu sawasawa na joto la chumba, hivyo sasa itafika nyuzi 92 kabla hata ya kuingiwa na chembe moja ya vumbi. Ongeza vumbi la Dodoma la miezi sita, na jibu mnalo.

ULIZENI KWANZA: INAKUWA NZITO LINI?

Kabla ya kumwita fundi au kuandika ombi, kamati ijibu swali hili moja. Majibu yako matatu, na kila moja lina tiba yake.

1. Ni nzito tangu inapowashwa. Hapa joto kwa kawaida halihusiki, kwa sababu mashine bado ni baridi. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager ya Windows. Kama diski inasoma asilimia 100 muda mrefu, tatizo ni hadidiski ya zamani yenye sahani inayozunguka. Hiyo husoma karibu megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde, wakati diski ya SSD ya kawaida husoma karibu 500. Kubadilisha diski peke yake huifanya mashine ya zamani ionekane mpya. Kama ni memori iliyojaa, ongezeni: gigabaiti 8 zinatosha kazi za ofisi, lakini gemu nyingi za sasa zinahitaji 16. Ondoeni pia programu zinazojiwasha zenyewe, na pimeni virusi, hasa pale ambapo kila kijana anakuja na flashi yake.

2. Inaanza vizuri, kisha baada ya dakika 10 au 20 za gemu inakwamakwama na feni zinavuma kwa nguvu. Hili ni joto. Lihakikisheni kwa programu ya bure ya kupima joto, kama HWiNFO, HWMonitor au Core Temp. Andikeni nyuzi kabla ya gemu na baada ya dakika 20. Kisha fungueni ubavu wa kasha na kurudia, bila mtu kuingiza mkono ndani. Joto likishuka sana, hewa ilikuwa haipiti ndani ya kasha. Lisiposhuka, mapezi yamejaa vumbi au ile dawa ya kijivu imekauka.

3. Inazima ghafla mara tu gemu inapoanza, huku kipimo kikionyesha nyuzi 60 tu. Hapa msisumbuke na vumbi. Mara nyingi pawa saplai imechoka au haina uwezo wa kuilisha kadi ya picha, au umeme wa jengo unashuka. Fundi apime umeme kwenye soketi na ajaribu pawa saplai nyingine.

Wapo wazee wetu wanaosema kwamba gemu ndiyo iliyoiua kompyuta. Kuhusu muda ambao vijana wanatumia kwenye gemu, kamati ina haki ya kuweka utaratibu. Lakini kuhusu ugonjwa wa mashine, gemu haikuuleta, imeufichua tu, kama vile mlima unavyofichua ubovu wa gari ambalo kwenye tambarare lilionekana zima. Mashine hiyohiyo ingeshindwa siku kijana anapoandaa video ya jubilei.

JINSI YA KUISAFISHA

Kazi hii haihitaji mtaalamu mkubwa. Vijana wawili waangalifu wanaweza kuifanya chini ya usimamizi wa mtu mzima.

1. Zimeni kompyuta, chomoeni waya ukutani, kisha bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Itoeni nje ya chumba na mzibe pua kwa kitambaa.

2. Fungueni ubavu. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine, ili umeme tuli wa mwilini usiharibu vipande vya ndani.

3. Tumieni brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika, pamoja na bloa ndogo ya umeme. Shikilieni kila feni kwa kidole isizunguke inapopulizwa, kwani ikizungushwa kwa kasi kubwa inaharibika. Msitumie kompresa ya gereji, kwa sababu presha yake ni kubwa na mara nyingi hutoa matone ya maji. Kifyonza vumbi cha nyumbani nacho kinaweza kuzalisha umeme tuli.

4. Msifungue pawa saplai kamwe. Ndani yake kuna umeme unaoweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya, nao unaweza kuua. Pulizeni vumbi kutokea nje tu.

5. Washeni na kuangalia kama feni zote zinazunguka. Kwa kawaida feni za mbele huingiza hewa na ya nyuma huitoa. Feni iliyofungwa kinyume hupigana na wenzake.

6. Pimeni joto tena. Kama halijashuka vya kutosha, fundi abadilishe dawa ya kijivu: afute ya zamani kwa alkoholi ya isopropili, apake mpya kiasi cha punje moja ya njegere, na kukaza skrubu sawasawa pande zote. Kuipaka nyingi hakuongezi ubaridi.

MAMBO YASIYOGHARIMU HATA SENTI

Skrini nyingi za kawaida huonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi ikizalisha picha 150 kwa sekunde, zaidi ya nusu ya kazi hiyo haionekani, lakini joto lake lipo na umeme wake umelipiwa. Ingieni kwenye mipangilio ya gemu na wekeni kikomo cha picha 60. Mara nyingi hatua hii peke yake hupunguza joto na kelele za feni kwa kiasi kikubwa.

Msiweke kasha ndani ya kabati la kufungwa, wala sakafuni panapofagiliwa. Acheni nafasi ya upana wa kiganja nyuma yake. Vile vitambaa vizuri vya kufuma ambavyo akina mama wametushonea kufunikia kompyuta viondolewe kabla ya kuwasha. Madirisha ya pande mbili yafunguliwe, na meza zisikae juani.

LINI TUSEME IMEFIKA MWISHO?

Zipo mashine ambazo kweli muda wake umekwisha. Kama bodi kuu imevimba vidonge vyake, au gharama ya vipuri inakaribia bei ya mashine nyingine iliyotumika, ni busara kuacha. Jambo jingine ni programu. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashine kama hiyo ikiwekewa Linux Mint, ambayo ni ya bure, inaweza kuendelea kufundishia na kufanyia kazi za ofisi, ingawa si gemu zote zitakazokubali.

Ikifa kabisa, isichomwe moto jalalani. Ndani yake kuna risasi na plastiki zenye moshi wa sumu. Ihifadhiwe pakavu, vipuri vizima vitolewe, na mabaki yapelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunaomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya kufunga mzigo, iendesheni mashine kwa gemu nzito kwa nusu saa na mtuandikie joto lililofikiwa. Pili, angalieni nyuma ya pawa saplai. Baadhi ya zile za zamani zina swichi ndogo ya kuchagua volti 115 au 230. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa kwenye 115, ikichomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230 inaungua papo hapo. Tatu, pamoja na kila mashine wekeni bomba moja la dawa ya joto, feni ya akiba na, ikiwezekana, diski ya SSD. Mara nyingi fedha ya mashine ya kumi na moja ingefanya kazi zaidi kama ingelipia fundi wa kusafisha zile kumi mara mbili kwa mwaka.

KWA KAMATI ZA PAROKIA

Fungueni daftari la kila kompyuta: tarehe, joto kabla ya usafi, joto baada ya usafi, kilichobadilishwa na gharama yake. Mwekeni kijana mmoja wa kituo awe mtunzaji wa daftari hilo. Usafi ufanyike kila baada ya miezi mitatu katika maeneo yenye vumbi, na angalau kila miezi sita kwingineko. Ombi la mashine mpya liambatane na nakala ya ukurasa huo. Mfadhili akiona kwamba mashine imesafishwa, imepimwa na imeshindwa, atajua kwamba sadaka yake inakwenda mahali panapotunzwa.

Uwakili mwema tunaofundishwa katika mfano wa talanta unahusu pia vitu vidogo kama brashi na vumbi. Tutunze tulichopewa, ndipo tuombe tunachopungukiwa.