Mary Astell na Akili Iliyotolewa kwa Amana

Wanaomtaja Mary Astell siku hizi miongoni mwa watetezi wa mwanzo wa wanawake nchini Uingereza huwa na haraka ya kumvua dini yake. Huchukua hoja zake za elimu, wakaziacha sala. Nadhani wanamharibu, maana kila alichowadaia wanawake alikidai kwa jina la Mungu.

Alizaliwa Newcastle mwaka 1666, binti wa mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Baba alifariki Mary akiwa na umri wa miaka 12. Elimu yake aliipata kwa ami yake, Ralph, aliyekuwa kasisi. Msichana wa tabaka lake asiye na mahari ya kumpelekea mume hakuwa na mengi ya kutarajia, naye akaenda London kujitafutia. Fedha zilipomwishia alimwandikia William Sancroft, Askofu Mkuu wa Canterbury, naye akamsaidia.

Mwaka 1694, bila kuweka jina lake, alichapisha A Serious Proposal to the Ladies. Alitaka ijengwe nyumba ambamo wanawake wangeishi pamoja, wasali, wasome na kufundishana. Nadhiri hazikuwepo: aliyetaka kutoka kwenda kuolewa angetoka. Aliwakumbusha wazazi kwamba pauni 500 au 600 za kumweka binti humo ni kidogo kuliko maelfu ya mahari. Ni wazi alikuwa akizungumza na wenye nacho.

Hoja yake ilianzia kwa Muumba. Mungu hatoi kitu bure bure. Kama amempa mwanamke akili, basi amempa aitumie, na kwanza kabisa aitumie kumjua aliyempa. Anayemzuia kusoma anaizuia amana isimfikie mwenyewe. Utaona jinsi alivyowabana wapinzani wake: wale waliosema mwanamke atosheke na uchaji ndio hao hao waliomnyima nyenzo za kuwa mchaji kwa kweli.

Hapo ndipo anapoingiza wema. Mwanamke anayefanya jema kwa kuwa ndivyo alivyozoezwa, bila kujua kwa nini ni jema, ana mazoea tu, na mazoea huvunjwa na bembelezo la kwanza. Hata upuuzi ambao wanaume waliucheka, wa nguo na vioo, Astell hakuuona kuwa maumbile. Kila mtu hutamani kuwa bora. Asiyeonyeshwa ubora wenye thamani atautafuta kwenye riboni. Dawa yake ilikuwa vitabu vigumu. Kwa kuwa mabibi wa wakati ule walikuwa wakijifunza Kifaransa, aliwashauri waache riwaya za mapenzi wawasome wanafalsafa Descartes na Malebranche. Sehemu ya pili ya kitabu, ya mwaka 1697, inafundisha hatua kwa hatua namna ya kufikiri kwa mpangilio.

Nyumba yenyewe haikujengwa. Inasimuliwa kwamba bibi mmoja tajiri alikuwa tayari kutoa pauni 10,000, lakini Askofu Gilbert Burnet akamkataza, akihofu kwamba mahali hapo pangefanana na nyumba ya watawa wa Kikatoliki. Astell alikuwa Mwanglikana thabiti, hivyo shutuma hiyo lazima ilimkera. Mwaka 1709 jarida la Tatler nalo likamfanyia mzaha.

Msomaji wa leo atakwama zaidi kwenye kitabu chake cha ndoa cha mwaka 1700. Astell alikuwa mfuasi wa wafalme, tena mpinzani wa mwanafalsafa John Locke, na aliamini kwamba mke aliyekwisha kuolewa ana wajibu wa kumtii mumewe. Lakini katika dibaji aliyoiongeza mwaka 1706 aliwageuzia kibao waliohubiri uhuru wa kuzaliwa nao: kama mfalme hana haki ya kutawala atakavyo, mume ameipata wapi nyumbani? Hakuhitimisha kwamba mke aasi. Alihitimisha kwamba mwanamke afikirie sana kabla ya kukubali, na mwenyewe hakuolewa.

Alichofanikiwa kukianzisha hatimaye, mwaka 1709 huko Chelsea, ni shule ya hisani ya wasichana, kwa msaada wa marafiki zake matajiri, akiwemo Lady Catherine Jones. Waliosoma humo walikuwa mabinti wa watu wa chini, si wale mabibi aliowaandikia mwaka 1694.