Weupe Kwenye Mtungi wa Maji

Ndugu mkazi wa kambi, usitupe mtungi kwa kuwa umeota weupe. Wengine husema umezeeka, sivyo. Kwangua kwa ukucha.

Weupe ukiwa mkavu kama chokaa, ni madini ya maji ya kisima. Maji hupenya udongo na kukauka nje, ndivyo yanavyopoa, na madini hubaki. Hayo hayadhuru. Sugua kwa brashi, paka ndimu au siki, suuza. Usipake rangi wala mafuta, utaziba vitundu na maji hayatapoa.

Ukiwa laini kama pamba na unanuka, ni ukungu. Mwaga maji, sugua ndani na nje, suuza kwa maji yenye klorini, kisha anika juani hadi mtungi ukauke kabisa. Lakini klorini usiichanganye kamwe na ndimu wala siki: hutoa hewa yenye sumu.